Betri za kamera na flashi: picha ya jani kabla ya mfuko wa urea

Leo siongelei mbegu wala dawa. Naongelea betri, zile ndogo za AA, nyembamba kama kidole, mnazoweka kwenye kamera za kikundi. Najua kuna atakayesema bwana shamba kaishiwa mada. Ngoja kwanza uone hela inapopotelea.

Baadhi ya vikundi ninavyovihudumia hapa Lipangalala na kata za jirani vina kamera ndogo ya dijitali, nyingi za mtumba: Canon PowerShot za familia ya A, Nikon Coolpix za familia ya L, na nyingine za namna hiyo. Kamera inakaa kwa katibu. Inapiga majaruba, magunia ghalani, mizani, ng'ombe walioingia shambani usiku. Utaratibu mzuri sana. Simu inabaki kwa kazi za simu, haiingii tope, na chaji yake haiishi saa nane mchana ukiwa kambini mbali na umeme. Shida yangu ni picha zenyewe zinazonifikia. Jioni inaingia picha ya jani la mpunga: giza, imetikisika, rangi imekuwa ya chungwa, na chini yake ujumbe, "Bwana shamba, mpunga umegeuka njano, tuweke urea mifuko mingapi?"

Sasa hiyo njano ni njano ipi? Mpunga ukikosa naitrojeni unaanza njano kwenye majani ya chini, yale ya zamani, na njano yenyewe imetulia, jani zima, eneo kubwa la jaruba. Hapo urea inasaidia. Mpunga wenye kirusi cha njano, kile kinachoitwa RYMV, unaonyesha njano kwenye majani machanga: mistari iliyokatikakatika inayofuata mishipa ya jani, michirizi ya kijani na njano imechanganyika, mmea umedumaa na umetoa machipukizi machache. Mara nyingi unaanza kwa mabaka, siyo jaruba zima. Hapo urea haitibu kitu, na hakuna dawa ya dukani inayoua kirusi ndani ya mmea. Unang'oa, unatoa nje ya jaruba, unadhibiti wadudu wanaokula majani, na unaosha mikono na zana, kwa sababu kirusi hicho kinahamia hata kwa mikono yetu na kwa ng'ombe wanaopita. Halafu kuna blasti, yenye madoa mfano wa macho au pia ndogo, katikati kijivu, pembeni kahawia. Ukiona blasti ukaimwagia urea, umeichochea.

Kwa hiyo picha moja mbovu inaweza kukupeleka dukani kununua mfuko ambao utafanya kazi, au hautafanya kazi, au utaharibu. Nikiwauliza mbona hamkuwasha flashi, jibu huwa lilelile: "Inachelewa bwana shamba, tumeizima." Inachelewa kwa sababu ya betri. Hapo ndipo nataka tukae leo.

Flashi inakula namna gani

Flashi ya kamera ndogo siyo sawa na taa ya tochi ya simu. Taa ya simu ni LED, inawaka muda wote kwa mwanga mdogo. Flashi ya kamera ni kijibomba cha kioo chenye gesi ya zenoni. Ili gesi hiyo iwake inahitaji umeme wa volti zinazokaribia 300. Betri zako mbili zinatoa volti 2.4 hadi 3 tu. Ndani ya kamera kuna saketi inayochukua umeme mdogo wa betri, inaupandisha, inaujaza kwenye kifaa kinachoitwa kapasita. Kapasita ikijaa, ndipo flashi iko tayari. Ukibonyeza, umeme wote unamwagwa kwa mkupuo, ndani ya muda wa sehemu moja ya elfu ya sekunde au chini ya hapo, halafu kujaza kunaanza upya.

Kwa maneno ya shambani: ni sawa na kujaza simtanki kwa pampu ndogo, kisha kulifungua lote mara moja.

Wakati wa kujaza, kamera inavuta ampea moja au zaidi kutoka kwenye betri. Kwa betri ndogo hiyo ni kazi nzito. Saa ya ukutani inavuta tone kwa tone, hata betri dhaifu itaiendesha mwaka mzima. Ndiyo maana mtu anaweza kuchukua betri zinazoendesha redio vizuri kabisa, akaweka kwenye kamera, kamera ikawaka, ikatoa lenzi, halafu kwenye flashi ikazima. Betri haijafa. Haiwezi tu mzigo huo.

Kitu cha pili ambacho wengi hawakijui: betri ikichoka, kwenye kamera nyingi flashi haipungui mwanga. Inachelewa. Kapasita inajazwa hadi kiwango kilekile, ila badala ya sekunde nne au tano unasubiri kumi, kumi na tano. Kataa kidogo ka rangi ya chungwa kanapepesa, kioo cha nyuma kwenye kamera nyingi kinazimika kwanza ili umeme wote uende kwenye flashi, na kitufe kinagoma. Kijana amesimama kwenye maji, mbu wanamla, anaona kamera imeharibika. Anazima flashi. Kamera sasa inafungua lenzi muda mrefu kutafuta mwanga, labda sehemu moja ya nane ya sekunde, mkono unatikisika, jani linapepea, na mimi napokea ukungu wa rangi ya chungwa.

Mlolongo wenyewe ndiyo huo, kutoka betri hadi mfuko wa urea.

Betri zilizopo madukani

Ukienda duka lolote la Ifakara mjini ukasema nipe betri za AA, utapewa za bei rahisi zaidi. Hizo ni za zinki na kaboni, na nyingi zimeandikwa "Heavy Duty" ubavuni. Maandishi hayo yasikudanganye, hayana maana kwamba zinabeba mzigo mzito. Ni betri za saa ya ukutani, rimoti na redio ndogo. Kwenye kamera zitatoa picha chache za flashi, nyingine hazitafikisha hata kumi. Kwa kazi yetu ziache.

Zinazofuata ni za alkalaini. Hizi ni bora, zina umeme mwingi na zinakaa miaka dukani bila kuchakaa sana. Kwa kamera zinafanya kazi, na kitabu cha kamera kinaziruhusu. Tatizo lake ni kwamba zinatoa ujazo wake wote pale tu zinapovutwa polepole. Ukizivuta kwa nguvu kama flashi inavyovuta, unapata chini ya nusu ya kilichomo, kilichobaki kinabaki ndani. Ndiyo maana betri ya alkalaini "iliyokufa" kwenye kamera bado itaendesha saa ya ukutani kwa miezi. Usiitupe, ihamishe kazi.

Za tatu, ambazo nawashauri muwe nazo, ni za kuchaji aina ya NiMH, yaani nikeli na metali haidraidi. Hapa kuna ubishi kila nikilisema jambo hili kwenye kikao. Kijana anasoma ubavuni: volti 1.2. Anasoma ya alkalaini: volti 1.5. Anasema, bwana shamba, hii ya kuchaji ni dhaifu, hesabu si inaonekana hapa?

Turudi kwenye maji. Fikiria matanki mawili. La kwanza limewekwa juu kidogo zaidi, lakini bomba lake la kutokea ni jembamba kama mrija wa soda. La pili liko chini kidogo, ila bomba lake ni la inchi mbili. Ukihitaji kikombe kimoja kimoja, yote sawa, na la juu lina presha nzuri zaidi. Ukihitaji kujaza jaruba kabla jua halijazama, utachagua lipi? Urefu wa tanki ndiyo volti. Upana wa bomba ndiyo ule uwezo wa betri kutoa umeme kwa kasi bila kukwama ndani yake yenyewe. Alkalaini inaanza na volti 1.5, lakini flashi ikianza kuvuta, volti zake zinashuka ghafla, na kadiri inavyotumika zinaendelea kushuka tu. NiMH inaanza chini, ila inabaki karibu na 1.2 kuanzia mwanzo hadi karibu na mwisho kabisa, hata ikivutwa kwa nguvu. Kwa hiyo flashi ya picha ya 150 inajaa karibu kwa kasi ileile ya picha ya kwanza. Ikiisha, inaisha ghafla, na hilo nalo ulijue: hutapata onyo refu.

Kasoro ya NiMH za zamani ni kujimaliza zenyewe. Unachaji Jumatatu, unaweka kwenye droo, baada ya mwezi imepoteza robo hivi ya chaji, na joto la bonde letu linaongeza kasi ya kupotea. Mwaka 2005 kampuni ya Sanyo ya Japani ilitoa betri za Eneloop, ambazo hazijimalizi haraka. Zinaweza kukaa mwaka mzima na bado zikawa na sehemu kubwa ya chaji. Kampuni nyingine zikafuata. Siku hizi pakiti yake huandikwa kwamba imeshachajiwa na iko tayari kutumika, na hicho ndicho kitambulisho rahisi. Aina hiyo ndiyo ya kununua kwa mtu anayepiga picha mara mbili kwa wiki.

Zipo pia za lithiamu za AA zisizochajika, volti 1.5. Ni nyepesi, zinadumu miaka mingi zikiwa zimehifadhiwa, na flashi inazipenda. Bei yake ni kubwa na hapa kwetu hazipatikani kirahisi. Ukipata pakiti moja Dar es Salaam, iweke kwenye mkoba kama akiba ya dharura, basi.

Kuhusu zile kamera nyembamba zenye betri yake bapa ya lithiamu: zinafanya kazi vizuri na flashi yake haisumbui. Ila kila kamera ina umbo lake la betri, na ikikuishia ukiwa kambini huwezi kuazima kwenye tochi ya mwenzako. Kama kikundi bado hakijanunua kamera, mimi ningechagua inayotumia AA. Na kama una simu yenye kamera nzuri na unaiweza, usiende kununua kamera kwa sababu ya makala hii.

Tahadhari mbili za dukani

Kwanza, namba za mAh. Hizi zinaeleza ujazo wa betri. NiMH ya kweli ya AA huwa kati ya 1,900 na 2,700 hivi. Ukikuta imeandikwa 3,500 au 4,800, hiyo ni hadithi. Mara nyingi ndani yake kuna kiini kidogo na nafasi tupu. Tumia mzani mdogo unaopimia dawa: betri ya NiMH ya 2,000 inakaribia gramu 26 au 27. Ikija na gramu 15 irudishe, na muuzaji akibisha mwachie. Baina ya 2,000 na 2,600 za kweli usijisumbue sana. Zile za 2,000 zisizojimaliza kwa kawaida ndizo zinazodumu kuchajiwa mara nyingi zaidi.

Pili, na hii ni ya hatari. Kuna betri za kuchaji za lithiamu zenye umbo lilelile la AA lakini volti 3.7. Zimeandikwa 14500. Zinatumika kwenye tochi fulani. Mbili zake ni zaidi ya volti 7, na kamera yako imetengenezwa kwa 3. Zinaingia vizuri kabisa kwenye tundu, na zitaiunguza kamera. Soma ubavuni kabla ya kuingiza, hasa ukiazima kwa mtu.

Chaja, sola na hesabu

Chaja mbovu inaua betri nzuri. Zile za bei ya chini kabisa zinachaji kwa jozi, hazijui betri ipi imejaa, hazijizimi. Betri moja inajaa kupita kiasi, mwenzake bado, na baada ya muda jozi nzima inakuwa mgonjwa. Tafuta chaja inayoangalia kila betri peke yake, yenye taa moja kwa kila tundu, na inayojizima yenyewe. Zipo zinazotumia waya wa USB, na hizo ndizo zinafaa kwetu, maana unaweza kuzichomeka kwenye sola ya kambini, kwenye pawabenki, hata kwenye gari.

Muda wa kuchaji unaupata kwa kugawanya. Betri ya 2,000 mAh kwenye chaja inayotoa miliampea 500 ni saa nne, ongeza kidogo kwa umeme unaopotea, weka saa tano. Chaja ya miliampea 200 ni usiku mzima na zaidi. Wakati wa masika, siku za wingu, paneli ndogo haifikii kiwango ilichoandikiwa, kwa hiyo chaji siku moja kabla. Usiache chaja na betri juani pamoja na paneli. Paneli iwe juani, betri ziwe kivulini, kwenye dungu. Betri ikiwa ya moto kiasi cha kuunguza mkono, itoe.

Tuje kwenye hela, maana nyinyi ni wakulima wa biashara. Nachukua bei za mfano tu, weka za duka lako. Tuseme jozi ya alkalaini ni shilingi 3,000 na inakupa picha 100 zenye flashi. Kikundi kinapiga picha 60 kwa wiki, kuanzia Desemba hadi Juni, wiki 26. Hiyo ni picha 1,560, yaani jozi 16, shilingi 48,000. Betri nne za NiMH pamoja na chaja ya maana, tuseme 50,000. Msimu wa kwanza umelingana. Msimu wa pili alkalaini inadai 48,000 nyingine, NiMH inadai umeme kidogo tu, na betri hizo zinachajika mara mamia. Kikundi kinachopiga picha kumi kwa mwezi, hesabu hii haikihusu. Kinunue alkalaini na kiendelee na mambo yake.

Nunua nne, siyo mbili. Mbili ndani ya kamera, mbili kwenye kiboksi chake cha plastiki, zimechajiwa. Ziandike kwa kalamu ya wino usiofutika: A na A, B na B, pamoja na mwezi ulionunua. Jozi ikae jozi. Ukichanganya mpya na ya zamani, au NiMH na alkalaini, ile dhaifu inaisha kwanza na nzima inaendelea kuisukuma, ndipo inapoharibika moja kwa moja.

Baadhi ya kamera, Nikon Coolpix za familia ya L zikiwemo, zina sehemu ndani ya menyu ya kuchagua aina ya betri. Ukiweka NiMH na kamera ikabaki inadhani ni alkalaini, itasoma volti 1.2 kama dalili ya kuisha na kukupa alama ya betri tupu wakati bado ina nguvu. Badilisha hapo kabla ya kulaumu betri.

Kipimo cha kufanya nyumbani

Huhitaji mashine. Chaji jozi, iweke kwenye kamera, washa flashi ya kulazimisha, ile yenye alama ya radi bila herufi A. Simama ndani, chumba kiwe na giza kidogo. Piga, halafu hesabu sekunde hadi kitufe kikubali tena. Andika. Rudia mara kumi. Fanya hivyo kwa kila jozi siku uliyoinunua, na tena kila mwanzo wa msimu. Jozi iliyokuwa inachukua sekunde tano na sasa, ikiwa imejaa, inachukua kumi na mbili, imezeeka. Ishushe daraja iende kwenye tochi.

Kipimo hichohicho kinatofautisha betri na kamera. Ukiweka betri mpya kabisa na bado flashi inachukua nusu dakika, safisha kwanza vyuma vya ndani vinavyogusana na betri kwa kitambaa kikavu. Ikikataa, tatizo ni kamera. Tafadhali usiifungue. Kapasita ile inaweza kushika umeme wa volti 300 hata betri zikiwa zimetolewa, na utakupiga vibaya. Mpelekee fundi anayejua kamera, siyo kila fundi redio.

Sasa piga picha yenyewe

Flashi ya kamera ndogo inafika mita tatu au nne, basi. Na mwanga unaisha haraka kuliko mnavyofikiri: ukienda mbali mara mbili, unabaki robo. Ukipiga flashi usiku kuonyesha shamba zima lililolaliwa na ng'ombe, utapata majani matatu meupe mbele na weusi nyuma. Piga kipande kwa kipande, kila kimoja ndani ya mita mbili, halafu asubuhi rudi upige eneo zima kwa mwanga wa jua. Ukivuta zumu, kwenye kamera nyingi flashi inafika karibu zaidi badala ya mbali, kwa sababu lenzi inapitisha mwanga mdogo.

Kwa jani, washa alama ya ua, hiyo ni ya kupiga karibu. Lakini usiibandike lenzi kwenye jani halafu ukapiga flashi. Mwanga utaunguza katikati ya picha ibaki nyeupe, na doa ninalolitafuta limepotea. Kaa kama sentimita 40, au weka kipande kimoja cha tishu nyeupe juu ya kijidirisha cha flashi. Inapunguza ukali na kuusambaza. Shika jani lisipepee, weka nyuma yake karatasi nyeupe, weka rula au hata kalamu pembeni nijue ukubwa. Bonyeza kitufe nusu, subiri kisanduku cha kijani, ndipo umalizie.

Ile karatasi nyeupe ina kazi kubwa. Mwanga wa flashi unakaribia rangi ya jua la mchana. Tochi nyingi za kichwani zina mwanga wa kibluu, balbu za zamani zina mwanga wa chungwa, na jani la kijani chini ya balbu hiyo linaonekana njano. Nikiona karatasi kwenye picha ni nyeupe, naiamini njano ya jani. Nikiona karatasi nayo ni ya chungwa, najua nadanganywa na taa. Tumia flashi hata mchana pale SARO 5 iliposhonana na unataka kuonyesha majani ya chini, maana kule chini kuna giza hata saa sita. Kwa suala hili la njano nataka picha tatu: mmea mzima, jani la chini, jani changa la juu. Bila ya tatu siwezi kutenganisha naitrojeni na kirusi. Na picha ikionyesha kirusi, bado nitakuja mwenyewe, ikibidi tupeleke sampuli TARI Ifakara. Picha inatuambia twende haraka kiasi gani.

Kwa mahindi ni viwavijeshi vamizi, ambao tunao nchini tangu mwaka 2017. Hawa hula zaidi jioni, usiku na alfajiri, kwa hiyo bila flashi humpati. Ninachohitaji kuona ni kichwa, penye alama ya Y iliyopinduliwa, na mkiani, kwenye pingili ya pili kutoka mwisho, penye vidoa vinne vilivyopangika kama mraba. Ngozi yake inang'aa, kwa hiyo tishu kwenye flashi ni lazima. Mweke kwenye karatasi, atajikunja, subiri ajinyooshe. Hapo ndipo utajua faida ya flashi inayojaa kwa sekunde tano, kwa sababu kiwavi hatakusubiri kumi na tano.

Ghalani na kwenye mashine ya kukoboa kuna shida nyingine. Vumbi la pumba likiwa hewani, flashi inaligonga na picha inajaa viduara vyeupe. Subiri litulie au piga ukiwa umefungua mlango. Mkipiga kioo cha mzani au cha kipima unyevu, msisimame mbele yake moja kwa moja, mwanga utarudi na kufuta namba. Simama upande kidogo. Picha yenye namba 13.8 inayosomeka, pamoja na lebo ya gunia, ina maneno mengi mbele ya mnunuzi anayedai mpunga wako haujakauka. Hakikisheni pia tarehe ya kamera iko sahihi. Baadhi ya kamera zinasahau tarehe betri zikikaa nje muda mrefu, halafu picha ya leo inasomeka ya 2008.

Mkinitumia kwa WhatsApp, tumeni kama faili, siyo kama picha ya kawaida, maana inabanwa na madoa madogo yanapotea.

Msimu ukiisha, toa betri kwenye kamera. Alkalaini na za zinki zikikaa humo miezi zinavuja. Ukikuta unga mweupe wa alkalaini, chovya kijiti cha pamba kwenye siki au maji ya limau, futa, kisha kausha kabisa kabla ya kuweka nyingine. Usiguse unga huo kisha ukajifuta macho. NiMH zihifadhi mahali penye ubaridi kiasi, zikiwa na chaji, na uzichaji upya kila baada ya miezi michache hata kama huzitumii. Zilizokufa kabisa zisitupwe kwenye mfereji wala majarubani, na msizichome moto na takataka za nyumbani. Ziwekeni kwenye ndoo yenye mfuniko kwa katibu. Nikipita kwenye kikundi nitazichukua.